Msimu wa korosho ulivyonitoa kwenye VPS

Simu ya katibu iliingia saa mbili kasoro robo asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kivuko upande wa Msangamkuu, narudi mjini kutoka msibani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ila salamu tutapeana vizuri baadaye, mtaalamu. Hapa barazani watu hawahesabiki, na kila mmoja ananionyesha simu yake, kiduara kinazunguka tu. Mfumo umekufa?"

Haukuwa umekufa. Ungekufa ningejua la kufanya, maana kilichokufa unakiwasha upya. Huu ulikuwa hai, unapumua kwa shida.

Niwape picha kwanza. Chama chenyewe ni chama cha msingi cha wakulima wa korosho, juu kule upande wa Newala. Mfumo ni kitu kidogo nilichoandika mwenyewe: karani anapima mzigo ghalani, anaingiza kilo, mkulima anapokea meseji. Baada ya mnada na makato, mkulima anaingia kwenye ukurasa na namba yake, anaona kilo zake, bei iliyofikiwa, kilichokatwa na kinachobaki. Kuanzia Machi mfumo huu unalala usingizi. Unashtuka kidogo wakati wa kugawa salfa, dawa ya mikorosho, unalala tena. Oktoba minada ikianza, hakuna anayelala, wala mfumo wala mimi. Na msimu ule wa 2024 ulianza kwa kishindo: mnada wa kwanza bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu ambao hawakuwahi kufungua tovuti yoyote wakajifunza kufungua hii. Asiyejua alikuwa na mjukuu Dar es Salaam wa kumfungulia.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya malipo. Nikapakata laptopu juu ya benchi la kivuko, nikawasha intaneti ya simu, nikaomba kuingia kwenye seva, VPS ya kukodi, yaani kipande cha mashine kubwa wanayogawana wapangaji wengi. Dakika nzima kabla haijakubali nywila. Nikaandika `top`, amri ambayo kila fundi wa Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, anaiandika akichanganyikiwa, nikatazama mstari wa prosesa. Mwisho kabisa wa mstari huo kuna herufi mbili, st. Siku zote zilikuwa zinasoma sifuri na nukta kadhaa. Asubuhi ile zilisoma 41.

Herufi hizo zinapima muda ambao seva yako ilitaka kufanya kazi ikaambiwa ngoja, kwa sababu prosesa halisi iliyo chini yake inamhudumia mtu mwingine. Kirefu chake kwa Kiingereza ni steal, yaani wizi, na sikuona sababu ya kulipinga jina hilo. Asilimia 41 ya muda niliokuwa naulipia ulikuwa unakwenda kwa jirani nisiyemjua. Huenda na yeye alikuwa na mnada wake.

Wasomaji wa Kusini mtanielewa nikisema VPS ya bei chee ni kangomba, ile biashara ya korosho ya kupimiana kwa bakuli nje ya mfumo. Unauziwa kwa bakuli, mezani hakuna mizani. Umeambiwa prosesa mbili na gigabaiti nne za ramu. Ramu kwa kawaida unaipata, lakini hizo prosesa mbili wameuziwa wangapi? Mwenye mashine anajua kwamba wapangaji wengi wamelala muda mwingi, kwa hiyo anauza zaidi ya alichonacho, na siku nyingi hesabu yake inakubali. Inakataa siku wote mkiamka pamoja. Si kampuni zote zinafanya hivyo, na zipo zinazouza prosesa isiyoguswa na mwingine. Yangu haikuwa mojawapo, na kwa dola 10 kwa mwezi nilitegemea nini?

Nikaandikia huduma kwa wateja nikiwa bado majini. Jibu lilikuja saa saba mchana. Lilikuwa la adabu. Lilinishauri nipande kwenye kifurushi kikubwa zaidi, kinacholipiwa mwaka mzima, na kwamba kuhamishwa kungechukua saa kadhaa ambazo seva itakuwa imezimwa. Wakati nalisoma, baraza la chama lilikuwa limeshatawanyika. Katibu alichukua daftari la karatasi akasoma majina kwa sauti mpaka koo likamkauka, na hilo hajanisamehe mpaka leo, ingawa tunataniana.

Kilichonikera zaidi baadaye, nilipokaa na kalamu, ni hesabu yenyewe. Siku za malipo kwa msimu mzima kwangu ni kama kumi na tano. Kila siku, msongamano wa kweli ni saa kumi, tuseme. Hizo ni saa 150. Mwaka una saa 8,760. Yaani nilikuwa naambiwa nikodi ghala la tani elfu mwaka mzima kwa ajili ya mzigo unaolijaza chini ya asilimia mbili ya muda. Hakuna mnunuzi wa korosho anayefanya biashara hiyo. Ghala unalikodi msimu unapofika, mzigo ukishaondoka bandarini unarudisha funguo.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini kile ambacho vijana wanakiita klaudi na wenzangu wenye Kiswahili safi wanakiita wingu. Nilikuwa nalidharau. Nilikuwa nasema ni kompyuta ya mtu mwingine yenye jina zuri na bili ndefu. Nusu ya dharau hiyo bado ninayo.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba kiini cha vitu hivi viwili ni kimoja. VPS ni kipande cha mashine moja kubwa iliyokatwa kwa programu ya kugawa, kama Xen iliyotoka mwaka 2003 au KVM iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007. Amazon walipofungua huduma yao ya kukodisha seva, EC2, mwezi Agosti 2006, walitumia hiyo hiyo Xen. Na hiyo EC2, kwa taarifa yenu, ilitengenezwa na kikundi kilichokuwa Cape Town, chini ya Chris Pinkham, raia wa Afrika Kusini aliyetaka kurudi kuishi kwao. Jambo hili huwa nalirudia kila nikipata upenyo, kwa sababu tumezoea kudhani vitu hivi vinashuka kutoka kaskazini tayari vimefungashwa. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo ilikuja kuweka kanda yake ya vituo vya data hapo Cape Town Aprili 2020, miaka kumi na minne baadaye. Microsoft walishafungua Afrika Kusini mwaka uliotangulia. Google wakafuata Johannesburg mwanzoni mwa 2024.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye kukata. Iko kwenye kile kilichozungushiwa vipande hivyo. Kwenye VPS kila kitu changu kilikaa chumba kimoja: programu, hifadhidata, risiti walizopiga picha makarani, na bekapu. Jikoni, kitanda na choo pazia moja. Upande wa wingu vitu hivyo vinakodishwa mbalimbali. Seva inayopokea wageni ni kitu kimoja, hifadhidata ni kingine na ina msimamizi wake anayeifanyia bekapu kila siku bila kukumbushwa, faili zinakaa kwenye stoo yake. Mbele ya yote kuna mgawa foleni anayemwelekeza kila anayekuja kwenye seva isiyo na watu wengi.

Ukishavitenga hivyo, seva ya mbele inakuwa kitu cha kutupwa. Haina kumbukumbu yoyote ya thamani, kwa hiyo unaweza kuwasha ya pili, ya tatu, ya nne, zote pacha, na jioni ukazizima bila kumwambia mtu. Unalipia muda uliotumia. Amazon, kwa mfano, walikuwa wanahesabu kwa saa, na tangu Oktoba 2017 seva za Linux zinahesabiwa kwa sekunde, kuanzia dakika moja. Mimi niliyezoea kulipa mwezi nililiona jambo hili kama mtu wa daladala aliyeambiwa atalipa kwa hatua.

Kuna mifumo inayojiongeza yenyewe ikiona joto linapanda. Niliijaribu, nikaiacha. Siku ya malipo naijua wiki nzima kabla, inabandikwa ukutani. Naongeza seva kwa mkono usiku wa kuamkia.

Suala la bekapu linastahili nafasi kubwa zaidi, maana hapo ndipo nilipokuwa nacheza na moto bila kujua.

Kwenye VPS nilikuwa na hati ndogo iliyojiendesha kila usiku saa nane, ikinakili hifadhidata nzima na kuiweka kwenye folda iitwayo `akiba`. Nilijivunia. Siku naanza kuhamisha vitu niliifungua folda hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Faili zilikuwepo, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na jina lake. Tangu Agosti, kila faili ilikuwa na baiti sifuri. Diski ilikuwa imejaa, imejazwa na bekapu zenyewe, na hati yangu iliendelea kila usiku kuunda faili tupu na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba kazi imekamilika. Nilinyanyuka nikaenda kunywa maji. Ina maana asubuhi ile ya kivukoni, kama ile seva ingekufa kweli badala ya kudorora, kilo za wakulima wa chama kizima zingebaki kwenye madaftari ya makarani, yale ambayo hayakuloa.

Na hata kama faili hizo zingekuwa na kitu ndani, zilikuwa kwenye diski ile ile. Wenye kumbukumbu watakumbuka Strasbourg, Ufaransa, usiku wa tarehe 10 Machi 2021, jengo la data la kampuni ya OVH lilipoungua. Jengo hilo, SBG2, liliteketea lote, na sehemu ya SBG1 jirani yake. Wapo wateja waliokuwa wamelipia bekapu, wakaja kugundua kwamba bekapu ilikaa kwenye jengo lile lile na data. Na msidhani hao walikuwa wateja wa VPS peke yao, OVH ni kampuni ya wingu vilevile. Neno wingu kwenye tangazo halizimi moto. Unachopaswa kuuliza ni nakala ziko majengo mangapi, na majengo hayo yana umbali gani. Stoo ya faili ya Amazon, ile ya kawaida, huweka kila faili kwenye majengo yasiyopungua matatu ndani ya kanda. Wenyewe wanasema imesanifiwa kwa uhakika wa asilimia 99.999999999 kwa mwaka kwamba faili halipotei. Tarakimu ya tisa mara kumi na moja. Halipotei kwa kuungua, maana yake. Ukilifuta mwenyewe kwa kidole, limefutika, labda uwe umewasha utunzaji wa matoleo ya zamani. Niliwasha siku ya kwanza.

Kuna na mambo madogo niliyoyapenda ambayo sitayachambua: naweza kupiga picha ya diski nzima kabla ya kugusa kitu, na kila karani ana ufunguo wake, tofauti na zamani ambapo nywila moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya mkolezo nyuma ya mlango wa ofisi.

Sasa machungu, maana yapo.

La kwanza ni bili. VPS ina bei moja, ukilala ukiamka ni dola 10. Wingu lina mita, na mita haina huruma. Mwezi wa pili baada ya kuhama niliacha kosa moja kwenye programu, likawa linaandika mstari wa kumbukumbu kila sekunde kadhaa usiku na mchana, na huduma ya kutunza kumbukumbu hizo inatoza kwa gigabaiti. Tahadhari ya bajeti nilikuwa nimeiweka, ndiyo, ila ilikwenda kwenye barua pepe nisiyoisoma. Nililipa bili mara tatu ya nilivyokadiria, kwa dola, kwa kadi, na yeyote aliyewahi kununua dola kwa shilingi zake mwenyewe anajua hapo roho inavyouma. Pia kuingiza data ni bure kwa kawaida, kuitoa ndiyo kuna ushuru, na ushuru wenyewe Afrika Kusini ni mkubwa kuliko Marekani. Kwa kurasa zangu za maandishi matupu haunigusi. Anayetaka kurusha video akae na kikokotoo kwanza.

La pili ni umbali. Mwanga ndani ya mkongo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kwenda na kurudi ni kama milisekunde 10, hata uwe na seva ya dhahabu. Kuhama kutoka Ulaya kuja Afrika Kusini kulinipunguzia njia, hilo nililiona kwa macho. Lakini njia yenyewe bado ni ya baharini. Mei 2024 sisi wa Kusini tulikatwa mara mbili. Kimbunga Hidaya kilipiga tarehe 4, mvua ikabeba barabara ya Kilwa kule Somanga na mbele yake, magari ya Mtwara na Lindi hayaendi Dar wala hayarudi. Tarehe 12, Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika baharini, intaneti nayo ikafuata barabara. Wakati ule nilikuwa bado na VPS yangu, na nakiri kwamba wingu lisingenisaidia hata kwa dawa. Seva kumi ng'ambo ya mkongo uliokatika ni sawa na seva moja ng'ambo ya mkongo uliokatika. Kwa sababu hiyo karani wangu hadi leo anaingiza kilo kwenye simu hata kama hakuna mtandao, zinakaa humo, zinapanda zenyewe mtandao ukirudi. Kazi hiyo ilinichukua muda kuliko kuhama kwenyewe na sijutii.

Wingu nalo huanguka. Tarehe 20 Oktoba 2025, kanda ya Amazon ya Virginia ilipata hitilafu iliyoanzia kwenye rekodi za DNS, zile zinazogeuza majina kuwa anwani za mtandao, za hifadhidata yao moja, na tovuti za dunia nzima zikalala saa nyingi. Mimi sikuwa kanda ile. Nilipona kwa jiografia, wala sikupona kwa akili.

Halafu sheria. Majina, simu, namba za akaunti za wakulima ni taarifa binafsi, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. VPS yangu ilikuwa Ulaya na sikuwahi kuliwaza hili. Kuhama kulinilazimisha kuliwaza, kwa sababu fomu iliniuliza: kanda ipi? Nikaenda kwa viongozi wa chama na karatasi, nikaeleza data itakaa wapi na nani ataigusa. Mzee mmoja mjumbe wa bodi akauliza kama huko Afrika Kusini wanaweza kuona korosho zake ni kilo ngapi. Nikamweleza kwamba zimefungwa kwa ufunguo. Akauliza ufunguo anao nani. Nikasema mimi. Akatikisa kichwa, akasema basi shida bado iko hapa hapa. Tangu siku hiyo mwenyekiti ana nakala ya ufunguo kwenye sefu.

Sijahamisha kila kitu. Nina tovuti ya nyumba ya wageni Mikindani, kurasa tano na picha za bahari, inatembelewa mchana na usiku kwa kiasi kile kile mwaka mzima. Iko kwenye VPS ya dola chache na itabaki humo. Kuipeleka kwenye wingu ni kukodi meli ya bandarini kuvusha watu wa Msangamkuu. Na kwenye ukubwa wa upande wa pili, kampuni ya 37signals ya Marekani, iliyotumia zaidi ya dola milioni 3 kwenye wingu mwaka 2022, ilinunua mashine zake yenyewe ikahama, kwa sababu mzigo wake ni mkubwa na haupandi wala kushuka sana. Hesabu yao na yangu ni moja, majibu tofauti. Mzigo wao hauna msimu. Wangu ni msimu mtupu.

Usiku wa kuamkia malipo ya kwanza ya msimu uliofuata nilikaa barazani kwangu Chuno na laptopu, mbu wakinila miguu, nikabadilisha idadi ya seva kutoka moja kuwa nne. Baada ya dakika tatu taa nne za kijani. Nililala vibaya hata hivyo. Saa mbili kasoro simu ikaita, na nilipoona jina nilipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Watu wamejaa hapa."

"Mfumo?"

"Mfumo upo, wanaangalia, wanaguna tu na makato. Printa ndiyo imegoma. Wino umeisha na wazee wengine wanataka karatasi mkononi. Huko Mtwara maduka yameshafunguliwa?"

Nikavaa viatu. Duka la vifaa vya ofisi lilifunguliwa saa tatu, na saa tatu na nusu nilikuwa stendi ya Mkanaledi na kopo la wino kwenye mfuko wa rambo, natafuta kondakta wa basi la Newala mwenye sura ya kuaminika.